Karanga Aenda Karen

Farasi aliyestaafu mbio hajui kwamba amestaafu. Karatasi zimebadilishwa, mwenye mali ni mwingine, zizi ni jingine, lakini mwilini mwake bado ni Jumapili mchana kwenye uwanja wa Ngong na lango litafunguka wakati wowote. Alianza kazi akiwa na miaka miwili. Alichofundishwa ni kitu kimoja, na alifundishwa vizuri: mtu akikaa mgongoni, anza kwenda, vigwe vikikazwa, kaza mwendo, kipaza sauti kikilia na watu wakipiga kelele, kimbia mpaka mbele yako kusibaki mtu. Akifika miaka mitano au sita, miguu ikianza kulalamika au tajiri wake akichoka kulipa gharama, huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watu kama mimi. Naye bado ana miaka ishirini ya kuishi.

Huyu wangu ana jina refu la Kiingereza kwenye kitabu chake, jina la kifahari lenye mfalme ndani yake. Nyumbani, Naivasha, tunamwita Karanga, kwa kuwa rangi yake ni ile ya karanga iliyokaangwa mpaka ganda jembamba likaanza kuchanika. Jina alipewa na saisi wetu, mzee aliyeanza kufagia mazizi ya farasi wa mbio kabla hajaota ndevu. Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekulia kwenye vichochoro ambamo punda ndiye mwenye njia na binadamu hupisha, kwa hiyo masikio ya mnyama nayajua. Lakini punda akiogopa husimama akafikiri. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, kufikiri kuje baadaye, kama kutakuja.

Shughuli tuliyomchagulia ilikuwa ndogo kadiri inavyowezekana: maonyesho ya Jumamosi moja ya Julai, kwenye uwanja wa shule ya wapanda farasi huko Karen, watoto wengi, meza ya keki, kinyesi cha farasi kila mahali. Nilimwandikisha mara mbili. Kwanza dresaji ya daraja la chini kabisa, ambayo ni kutembea na kwenda telki tu, ule mwendo wa miguu kuinuka miwili miwili kwa mshazari, bila shoti hata hatua moja. Pili, mzunguko wa vizuizi vya sentimita 50. Jamaa mmoja anayejua farasi kuliko mimi aliniambia namdhalilisha mnyama. Kwamba mwenye miguu kama ile anavuka sentimita 50 kwa kutembea, na ningemwanzisha kwenye mita moja. Ni kweli angevuka. Ila siku ya kwanza haipimi miguu. Inapima kama mnyama wa kilo karibu 500 anaweza kusikia makelele yale yale aliyozoea kukimbizwa nayo, akabaki ametulia. Kwa jambo hilo hata sentimita 50 ni nyingi, na wanaoanza juu kwa sababu ya haya ya watu ndio ninaowaona baadaye wakiuza farasi wao kwa maneno kwamba ni wakorofi.

Maandalizi yalianza na lori. Mtu angedhani farasi wa mbio hahitaji kufundishwa kupanda gari, maana amesafirishwa tangu utoto. Shida ilikuwa hiyo hiyo. Kila alipopanda gari, mwisho wa safari palikuwa na mbio, na Karanga alikuwa akishuka tayari amelowa jasho, anacheza miguu. Mzee akaleta lori uani, akalaza ubao wa kupandia, akawa anamlisha chakula cha jioni humo ndani. Baada ya hapo tukawa tunampakia, tunamzungusha barabara za mashamba ya maua, tunamrudisha zizini. Hakuna mbio, hakuna umati, hakuna lolote. Apande, aende, arudi, ale. Mafunzo ya kuchosha kuyaandika na ya kuchosha zaidi kuyafanya, lakini ikafika siku Karanga akashuka kwenye lori huku anapiga miayo.

Tarehe nayo ilikuwa na masharti yake. Julai iko nyuma ya mvua za masika, na mvua zikishaisha ndipo visubi hujaa, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyobeba homa ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huu na mbung'o ni sehemu kubwa ya sababu ya farasi kutoenea bara huku zama zote zile ambazo pwani ilikuwa na mawasiliano na Arabuni na India. Punda milia huubeba bila hata kupiga chafya, ilhali farasi asiye na kinga mara nyingi hufa. Karanga alikuwa amechanjwa, lakini chanjo si hirizi, na visubi hutoka hasa magharibi na alfajiri. Tulikubaliana tangu mwanzo: jua litakapozama, farasi wawe zizini Naivasha, mlango umefungwa, hata kama tungekuwa tunaongoza mashindano yote.

Nasema farasi, kwa wingi, maana Mzee alikataa katakata Karanga asafiri peke yake. Farasi ni mnyama wa kundi, na mgeni akiwa mwoga huangalia wenzake kabla ya kuangalia hatari. Tukaazima poni wa jirani, jike mzee wa kijivu ambaye binti wa nyumba ile huruka naye. Sote tulimwita Bibi. Alikuwa chini kabisa ya kile kipimo cha sentimita 148 kinachotenga poni na farasi, tumbo kubwa, mdomo wa chini umelegea, na alikwisha kuhudhuria maonyesho mengi kuliko binadamu yeyote kati yetu.

Tulitoka gizani. Mimi mbele na dereva, Mzee nyuma na wanyama wake, amekaa juu ya robota la nyasi kavu na koti zito. Tulichukua barabara ya juu, kupitia Kinungi na Kimende, na tulipokaribia Limuru ukungu ukawa mzito hata taa za malori ya mbele zikawa zinaonekana ghafla, karibu mno. Dereva wa farasi ana adabu yake. Mnyama amesimama kwa miguu minne, hana mkono wa kushika chochote, kila kona ni kazi kwake na kila breki ya ghafla ni kama kusukumwa na mtu. Hivyo unapunguza mwendo mapema, unazunguka kona taratibu, na matatu zote za Naivasha zinakupita huku zikikupigia honi za kukutukana. Dereva wetu alizijibu moja moja, kwa Kikikuyu, dirisha likiwa limefungwa.

Pale Gitaru tukaingia njia ya Southern Bypass, na kabla ya kugeukia Karen tukawa karibu sana na uwanja wa mbio wa Ngong, ambao umekuwa pale tangu mwaka 1954. Sitadai kwamba Karanga alipatambua. Dirisha la nyuma lilinionyesha masikio tu. Mimi ndiye niliyepafikiria. Kando ya uwanja ule, katika nyumba ndogo, ndiko alikoishi mwishoni mwa maisha yake Beryl Markham, aliyefundisha farasi wa mbio tangu ujana wake na ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa kurusha ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1936. Alifariki mwaka 1986. Vitabu vimeandikwa juu yake, na farasi wake wameandikwa humo kwa majina. Wale waliowaamsha farasi hao saa kumi na moja alfajiri, wakawakanda miguu, wakalala nao walipougua, ni shida kuwapata hata mmoja kwa jina. Kwenye ratiba ya mashindano iliyokuwa mapajani mwangu palikuwa na nafasi ya jina la farasi, la mpandaji na la mwenye mali. Basi.

Tulishusha ubao saa mbili kasoro asubuhi, kwenye manyunyu ya baridi ya Julai. Bibi alishuka, akanusa, akaanza kula majani. Karanga akatoka hadi nusu ya ubao, na wakati huo huo kijana mmoja aliyekuwa akijaribu mitambo akasema kwenye kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

Nimemwona farasi yule kila siku na sikujua ana urefu ule. Shingo ilipanda, pua zikafunguka, mapigo ya moyo yakawa yanaonekana kifuani kwa macho. Akaharisha pale pale kwenye ubao. Mimi nikaanza yale maneno ya kubembeleza, pole baba, tulia baba. Mzee akanitazama kidogo.

"Dada, usimwambie pole. Atajiuliza kuna msiba gani."

Akamchukua kwa kamba na kuanza kutembea naye. Hakumpeleka moja kwa moja kwenye kipaza sauti wala hakumkimbiza mbali nacho. Alizunguka naye duara pana, kisha akageuka akarudi upande wa pili, ili kila kitu akione kwa jicho la kulia na kwa jicho la kushoto. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia, na kitu alichokizoea upande mmoja huweza kumshtua upande wa pili kana kwamba ni kipya. Mzee hakunieleza hayo. Alizunguka tu, anapiga mlolongo wake wa miluzi midogo, na kila duara likawa linasogea hatua chache karibu na vile vipaza sauti, mpaka hatimaye wakasimama chini yavyo kabisa, na Karanga akakumbuka kwamba ana njaa.

Hilo lilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Pembeni yetu wengine walikuwa wameshatandika na kupanda mara tu waliposhuka, na wawili watatu walikuwa kwenye vita vya wazi na wanyama wao. Sikupata hamu ya kupanda. Mama mmoja akafungua mwavuli wa mistari, Karanga akaruka kando kama mita mbili. Nilikuwa nimemsimulia Mzee kwamba farasi wote wa mbio wa aina ya Karanga, kwa upande wa baba, wanarudi kwa madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki karne ya 17 na ya 18, mmoja wao Mwarabu aliyetoka Aleppo mwaka 1704. Kwa hiyo Karanga ni ndugu yetu wa Lamu kwa mbali. Alipomtuliza akaniuliza, "Mwarabu gani huyu anayeogopa mwavuli?"

Kilichomtia wasiwasi Mzee kilikuwa kingine. Karanga hakutaka maji. Tulikuja na madumu ya maji ya kisima cha nyumbani, maana farasi wengi hukataa maji yenye ladha ngeni, lakini hata hayo aliyanusa akageuza uso. Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Asiponywa, chakula hukauka tumboni, na tumbo la farasi halina njia ya kurudisha: hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo unaoanza na kukataa maji kwenye safari unaweza kumuua kabla ya kesho. Mzee akalowesha nyasi zake kwenye ndoo, akarudi kumpa, akashika ufizi wake kwa kidole kuona kama umekauka. Alifanya hivyo tena na tena siku nzima, bila kusema.

Kupanda nako kulikuwa na yake. Farasi wa mbio hupandwa huku anatembea, mtu anarushwa juu kwa kushikwa mguu. Karanga tulishamfundisha kusimama kando ya kigogo cha kupandia, lakini hapa kigogo kilikuwa cha plastiki ya bluu. Alikitazama sana. Farasi huona bluu na manjano vizuri. Nyekundu kwake ni kitu kilichofifia tu, kwa hiyo yale mapambo mekundu tunayohangaika nayo ni kwa ajili ya macho yetu. Hatimaye alisimama. Nikakaa. Mzee akanifungia kamba ya tandiko tundu moja zaidi na kuniita "madam", kwa kuwa palikuwa na watu.

Uwanja wa dresaji ulikuwa wa kawaida, mita 20 kwa 40, umezungushiwa vibao vyeupe na herufi pembeni, A, K, E, H, C, M, B, F, mpangilio ambao wapanda farasi duniani kote huukariri na hakuna anayejua kwa yakini ulitoka wapi. Mwamuzi, kwa ajili ya manyunyu, alikuwa amekaa ndani ya gari lake upande wa C. Honi ya gari ndiyo ilikuwa kengele. Na waipa za kioo zilikuwa zinatembea.

Tulizunguka telki yote tukiwa na mwili mmoja na akili mbili. Kila tulipoelekea upande wa gari, Karanga alipinda kama upinde, masikio yote kwenye zile waipa, halafu tukilipa gari mgongo alikuwa akiharakisha kidogo ili zisimfuate. Kila tendo hupewa alama kutoka 0 hadi 10. Karatasi yetu baadaye ilikuwa na 4 nyingi, 5 kadhaa, na kwenye tendo la mwisho, kusimama katikati na kumsalimu mwamuzi, 7. Alisimama. Farasi wa mbio, ametazamana na waipa, amesimama miguu yote minne, vigwe vimelegea. Kwangu ile ilikuwa siku imekamilika, na kama ningekuwa na busara zaidi ya tamaa ningekwenda kula keki.

Kisha Bibi akaondoka. Ilikuwa zamu yake. Binti alimpanda akaenda zake kwenye uwanja wa mbali kuruka, akapotea nyuma ya miti ya jakaranda. Karanga alilia. Si ule mlio mdogo wa kuomba chakula, bali mlio wa mwili mzima, mbavu zinatikisika, uliowafanya watu wa meza ya keki kugeuka. Alizunguka mwisho wa kamba ya Mzee kama pia. Hakuna cha kufanya hapo ila kungoja na kumpa miguu yake kazi: nenda kushoto, nenda kulia, rudi nyuma hatua mbili, simama. Mzee alimpa kazi. Kipaza sauti kilitangaza kwamba Bibi amevuka vyote bila kosa. Alirudi na utepe kwenye hatamu, akatazama vurugu ile kama mwanamke aliyetoka sokoni akakuta watoto wamemwaga unga.

Wakati wa vizuizi ndipo kilipotokea kile nilichokihofu tangu Naivasha. Tuliingia uwanjani vizuri, Bibi akiwa amesimamishwa langoni kwa makusudi. Yule kijana akawasha mtambo na kutangaza namba yetu, na lile jina refu la Kiingereza.

Sijui kama farasi anajua jina lake la mbio. Najua kwamba aliisikia sauti ile ikija kutoka juu, kwa mwangwi, huku mtu yuko mgongoni na nafasi iko wazi mbele, na nyuma ya tandiko nikahisi kitu kinainama, kinajikusanya. Akaenda shoti. Silika ya binadamu yeyote ni kuvuta vigwe, na kwa huyu kuvuta ndiko kumwambia ongeza. Nikatoa pumzi kwa nguvu, nikakaa mzito, nikavilegeza kidogo, na badala ya kumzuia nikamgeuza, duara, tena duara dogo zaidi. Kwenye duara la tatu sikio moja lilirudi kwangu. Anauliza. La nne akaingia telki. Kengele ilikuwa imelia zamani. Mwamuzi wa maonyesho madogo hana haraka na farasi wa mara ya kwanza, na ndiyo maana watu waanzie huko.

Vizuizi vyenyewe sina mengi ya kusema. Bendera nyekundu kulia, nyeupe kushoto, pita katikati. Kwenye cha pili, kilichokuwa na sanduku la maua ya plastiki chini yake, alisimama, akanusa, na tulipokirudia alikiruka kana kwamba ni ukuta wa Fort Jesus. Kwenye cha sita aliangusha mti. Makosa 8. Hakuna utepe, na hakuna aliyeuliza.

Tuliporudi kwenye lori, tandiko likashuka, mgongo ukafuka mvuke. Mzee akaweka ndoo chini, akasimama kando akijifanya kupanga kamba. Karanga akatia mdomo. Tukasikia yale mafunda, moja baada ya jingine, yakipanda kooni kama bomba la mkono. Ndoo ikaisha. Mzee akaijaza tena, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile akaenda kutafuta chai.

Tulipakia mapema, kwa ajili ya visubi. Karanga alipanda mwenyewe, kabla ya Bibi. Pale Soko Mjinga tulisimama kununua karoti, na mwuzaji akachungulia nyuma ya lori, akawaona wawili wale na utepe mmoja.

"Huyu mkubwa ndiye ameshinda?"

"Mkubwa alikunywa maji," Mzee akamjibu, kwa uzito wote, akaanza kupigania bei ya debe.

Mwuzaji akaniangalia mimi, akitafuta mtu wa kumfafanulia. Nilikuwa ninapekua ratiba ya mwezi ujao. Kuna maonyesho mengine, karibu na nyumbani, na Mzee alikuwa ameshaamua mambo mawili bila kuniuliza: kwamba Karanga ataingia sentimita 50 tena, na kwamba safari hii Bibi abaki zizini.